Maulida na Mlango wa Kagoma

Tak!

Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, wa plagi ya shaba ikiingia kwenye tundu la ubao wa simu, na Maulida binti Uledi aliukumbuka hata alipokuwa mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Tak, na mama wa mtaa wa Hamugembe akawa anasalimiana na mwanawe aliye Mwanza. Tak, na mnunuzi wa kahawa akawa anagombana na mtu wa Moshi. Aliajiriwa kwenye simu mwaka wa vita, akiwa binti mbichi, na kabla hajakizoea kiti chake majeshi ya adui yakavuka Mto Kagera. Siku ndege zilipopita juu ya mji wa Bukoba, watu walikimbilia chini ya migomba na wakubwa wakakimbilia kwenye magari. Maulida alibaki kwenye ubao. Si kwa ushujaa, alikuwa akieleza baadaye, ila taa zote za ubao ziliwaka kwa pamoja, na yeye alikuwa hajafundishwa namna ya kuiacha taa ikiwaka bila kuijibu.

Vita viliisha, askari wakarudi makwao, na nyuma yao ukaja ugonjwa ambao kwa miaka mingi haukutajwa jina kwenye simu. Watu walisema, "Ameanza kukonda," kisha wakanyamaza. Maulida, mwenye kifaa sikioni, alikisikia kimya hicho kikitoka Maruku, kikitoka Muleba, kikitoka kila upande. Akiwa sokoni alikutana na watu ambao misiba yao alishaijua tangu jana, akawasalimia kana kwamba hajui kitu. Alifunga mdomo kama mtu anayebeba maziwa kwenye kibuyu kisicho na kifuniko: taratibu, bila kuyumba.

Mitambo mipya ilipokuja, simu zikaanza kujiunganisha zenyewe na ubao ukatupwa stoo. Wenzake walilia. Maulida akaomba kozi ya kompyuta. "Kazi ni ile ile," alisema. "Mtu wa huku anamtaka mtu wa kule. Mimi ni wa katikati."

Hivyo ndivyo mwaka 2004 ulivyomkuta, mama wa makamo, mjane, akifanya kazi katika ofisi ya shirika moja la misaada pale Bukoba mjini. Shirika lilikuwa linajiandaa kugawa dawa za kurefusha maisha kwenye zahanati za vijijini, dawa ambazo watu walikuwa wamezisikia redioni kama wanavyosikia habari za mwezini. Kila zahanati iliwaandika wagonjwa wake kwa namba, pamoja na vipimo vyao vya damu, na kompyuta ya Bukoba ilizipigia simu kompyuta za zahanati na kuzivuta zile namba. Maulida ndiye aliyeshikilia kwamba hakuna jina wala kipimo cha mtu kitakachosomwa kwa mdomo kwenye simu. "Nimekaa kwenye simu mimi," aliwaambia mabosi. "Nyinyi hamjui nani anasikiliza. Mimi ninajua, kwa sababu nilikuwa mimi."

Zahanati zote zilijibu, isipokuwa ya Kagoma, kule wilaya ya Muleba.

Na Kagoma ndiko alikoolewa Zabibu, mdogo wake wa mwisho. Mume alikuwa muuza vitenge, alishatangulia. Zabibu mwenyewe alikuwa amekonda hadi bangili zake zikahamia juu ya kiwiko, ila ulimi ulikuwa haujapungua hata kidogo. "Sasa mimi ni namba, dada," alimwambia Maulida walipoonana mara ya mwisho. "Hata wewe usiniite Zabibu tena. Utaharibu hesabu za watu."

Maombi ya dawa ya mkoa mzima yalikuwa yafungwe Alhamisi saa tisa alasiri. Zahanati ambayo namba zake hazijafika ingesubiri awamu ya pili, na awamu ya pili hakuna aliyejua ni lini. Maulida alimtazama mdogo wake kwa jicho la moyo, akaona hana awamu ya pili.

Tangu Jumatatu kompyuta yake kila ilipojaribu Kagoma ilifikiri kidogo, ikahema, kisha ikaandika sentensi ile ile: hakuna muunganisho. Programu ile ilikuwa na sentensi moja kwa maradhi yote. Waya ukikatika, hakuna muunganisho. Umeme ukizimika, hakuna muunganisho. Mtu akikosea namba, hakuna muunganisho. Maulida alitafsiri kule kuhema kuwa ni laini mbovu. Akabadilisha waya. Akabadilisha modemu. Akaifuta programu na kuiweka upya. Akawasumbua mafundi wa simu mpaka mmoja wao akapanda nguzo kwenye mvua, akashuka na kusema laini iko safi kama bilauri.

Alipotaka kumpigia mtu wa kule amuulize, kompyuta ya Kagoma ndiyo iliyopokea na kumpigia kelele za modemu sikioni. Zahanati ilikuwa na laini moja tu, na mashine ilikuwa nyepesi kupokea kuliko binadamu. Simu za mkononi kule zilikuwa hazijashika; ilibidi mtu apande kilima na kunyoosha mkono juu kama anayeapa.

Kitu kimoja alikijua lakini hakukihusisha. Kamugisha, karani aliyeitunza mashine ya Kagoma, alikuwa amefariki wiki iliyopita. Maulida alimlilia kweli. Alikuwa kijana mpole, mwenye kucheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe. Lakini mtu alipouliza kama tatizo halitokani na msiba, alijibu haraka, "Kompyuta haifiwi." Lile jibu lilikuja kumtia aibu baadaye.

Alhamisi asubuhi alivuka barabara na kuingia dukani kwa Suryakant, akiwa na uso wa mtu aliyelala na hasira.

Suryakant alikuwa mmoja wa wale Wahindi wachache waliobaki Bukoba, mzee mwembamba aliyeuza kalamu, betri na vipuri vya redio, na ambaye nyuma ya kaunta alikuwa na kompyuta kuukuu aliyopewa na mpwa wake. Haikuwa na Windows kama ya Maulida. Ilikuwa na mfumo wa Linux, skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna mapambo.

"Maulida-ben," alisema, akimwita dada kwa Kigujarati, "leo umekuja bila senene? Msimu mzima huu unapita mbele yangu unatafuna panzi wako, leo mdomo mtupu. Kuna msiba?"

"Mzee Suryakant, wewe hata yai huli. Senene zangu zinakuhusu nini?"

"Sizili. Napenda kuona mtu anavyofurahi."

"Basi leo sina furaha. Niazime mashine yako. Nataka nipige Kagoma kutoka mahali pengine, nione kama ugonjwa uko kwangu au uko njiani."

Mzee akamfutia kiti kwa leso. Maulida akachomeka modemu, akapiga, mashine mbili zikalia kama paka wanaogombana, zikaelewana. Kisha akaandika anwani ya Kagoma, akaandika na namba ya mlango wa ile programu, kwa maana kompyuta moja ina milango mingi na kila programu husikiliza kwenye wake. Akabonyeza.

Jibu lilikuja kabla hajainua kidole. Imekataliwa.

"Hee!" alisema Maulida.

"Nini?"

"Haraka hivyo?"

Akajaribu tena. Imekataliwa, papo hapo. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa.

"Mzee Suryakant, nimekuwa mjinga tangu Jumatatu."

"Kaa kwanza, halafu uwe mjinga vizuri."

"Sikiliza. Laini ingekuwa mbovu, ningebisha na kusubiri, kimya, mpaka nichoke. Hakuna wa kunijibu. Lakini hapa kuna aliyenijibu! Amesema hapa hatufungui. Nyumba ipo, taa inawaka, mwenye nyumba yu macho. Ni mlango huu mmoja tu ambao nyuma yake hakuna mtu."

"Na mashine yako ilisemaje?"

"Yangu ilihema kwanza. Kumbe Windows ikikataliwa haiamini. Inabisha tena. Inabisha tena. Ndipo inakubali yaishe. Mimi kule kuhema kwake nikakuona ni laini mbovu."

Suryakant alicheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. "Hiyo ni sawa na kaka yangu Ramniklal alipokwenda kuposa. Msichana alisema hapana akiwa mlangoni. Kaka akasema, labda hakusikia vizuri. Akarudi. Mara tatu! Mimi ningeondoka ile ya kwanza."

"Ndiyo maana wewe huna mke."

"Ndiyo maana nina amani."

Maulida alikuwa ameshaanza kukusanya waya zake. Programu haijifungi yenyewe. Kama nyumba iko macho na mlango umefungwa, kuna mkono wa mtu. Alimwomba mzee akakae ofisini kwake mbele ya ile kompyuta ya Windows, abonyeze kitufe cha kuunganisha kila baada ya muda, asiache hata akichoka. Suryakant akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo majirani walilizungumza wiki nzima.

Byabato, dereva wa shirika, alimchukua Maulida kwa Land Rover kwenye barabara iliyolowa ya kwenda Kagoma. Alikuwa mtu wa maneno machache na nyimbo nyingi, lakini walipopita Kemondo alikatiza wimbo na kusema, "Kwenda tutafika. Kurudi sikuahidi, mama. Mvua ikishuka, tutaingia Bukoba jioni."

"Kurudi si shida yangu," alisema Maulida. "Namba zirudi kabla yetu."

Zahanati ya Kagoma ilikuwa nyumba ndefu ya bati katikati ya migomba. Katika chumba cha mashine alikuwamo Celina, mdogo wake marehemu Kamugisha, msichana mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani. Kaka yake alikuwa amemfundisha kazi yote na kumwachia nywila ya mashine. Alisimama, akapiga goti kidogo kama desturi yao ilivyo.

"Karibu, Ma Maulida. Poleni na safari."

"Pole wewe, mwanangu. Pole sana na kaka." Maulida alimshika mikono yote miwili, na wakakaa hivyo, kwa sababu kuna vitu haviharakishwi hata kama saa inakwenda. Ndipo akauliza, "Mashine inaendeleaje?"

"Nzima, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Inawaka. Manesi wanaandika vipimo kila siku."

"Na ile programu inayosikiliza Bukoba?"

Celina alitazama sakafu. "Ile nimeizima."

"Kwa nini, mwanangu?"

Msichana alikaa mbele ya skrini nyeusi, akaita orodha ya programu zinazofanya kazi. Kwenye Linux kila programu huonyeshwa na jina la mtu aliyeianzisha. Akaonyesha kwa kidole mahali palipokuwa wazi.

"Ilikuwa hapa. Tulirudi kutoka mazikoni, nikaja kuwasha taa, nikaangalia. Kamugisha. Jina lake lipo hapa, linafanya kazi. Ma, mtu tumemfunika udongo asubuhi, na jioni jina lake bado linahangaika kupokea wageni wa Bukoba! Kwetu msiba ukiingia hatushiki jembe. Hata jirani halimi. Sasa yeye mwenyewe tumwache akilima? Nikaizima, apumzike."

Maulida aligundua kwamba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakukumbuka kuketi. Aliiona ile jioni, msichana peke yake na jina la kaka yake likimeta, na akaona kwamba yeye pia angeizima.

"Ulifanya vizuri," alisema.

Celina akainua macho. Alikuwa amejiandaa kugombezwa.

"Lakini leo saa tisa Bukoba wanafunga maombi ya dawa," Maulida aliendelea. "Namba za Kagoma zisipofika, watu wako wote hawa watabaki nje."

"Sikujua ni leo." Msichana alishika shavu. "Lakini kuiwasha kwa jina lake siwezi."

"Washa kwa lako."

"Siwezi, Ma. Matanga hayajaanuliwa. Mrithi hajakalishwa kwenye kiti cha marehemu. Nikiweka jina langu pale alipokuwa yeye, itakuwa nimejikalisha mwenyewe. Shangazi zangu watasemaje? Mimi mwenyewe nitasemaje?" Akasogeza kiti pembeni. "Wewe una akili ya mashine. Kama ni lazima, kaa, iwashe kwa jina lake. Mimi nitatoka nje nisione."

Ilikuwa saa nane na nusu. Maulida alikaa kwenye kile kiti. Amri aliijua, ilikuwa mstari mmoja tu. Aliweka vidole juu ya vitufe. Nje Byabato alikuwa akiimba. Zabibu alikuwa mwendo mfupi kutoka pale, ng'ambo ya kisima, na bangili zake juu ya kiwiko. Lingekuwa jambo la kubonyeza na kumaliza.

Akaondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Celina, usitoke. Nieleze kitu. Siku za msiba, kwenu mnakula?"

"Tunakula."

"Nani anapika, ilhali jembe na kisu vimewekwa chini?"

"Majirani. Wanakata ndizi kwao, wanachota maji, wanapika. Wafiwa hatugusi."

"Na wakishapika, nyumba inakuwa yao?"

Celina alishangaa. "Hapana, waitu! Inakuwaje yao? Matanga yakianuliwa wanarudi makwao, na masufuria yao."

"Basi mimi ni jirani."

"Wewe ni wa Bukoba. Unakaa Hamugembe!"

"Waya umefika kwangu, na mimi nimefika kwako. Ujirani gani zaidi ya huo? Nifungulie jina langu kwenye hii mashine. Nitapika mimi, kwa jina langu, mpaka msiba uishe. Mrithi akikalishwa, nachukua sufuria yangu naondoka."

Msichana alimtazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kitu kikamtoroka mdomoni, na kilikuwa kicheko. "Ma, jirani anayekuja na Land Rover!"

"Jirani mvivu. Haya, fungua."

Celina alimwandikia jina, maulida, kwa herufi ndogo kama mashine ilivyotaka. Maulida akaandika ule mstari mmoja, akabonyeza. Mashine ikakataa. Mafaili ya wagonjwa yalikuwa mali ya Kamugisha, na yeye aliyafunga vizuri asiyaguse mtu mwingine. Maulida akasogea pembeni na kumwachia kiti. Celina alikaa kitambo akiyatazama majina ya yale mafaili, kisha akaandika ruhusa kwa mkono wake, polepole, akisema chini ya pumzi kitu cha Kihaya alichokuwa akimwambia kaka yake na si mtu mwingine.

Maulida akajaribu tena. Programu ikakaa. Kwenye orodha jina lake likatokea, na mbele yake neno moja lililoonyesha kwamba mlango sasa unasikiliza.

Wakangoja. Mvua ilianza kwenye bati.

"Labda mzee amelala," alisema Maulida.

"Mzee gani?"

"Mhindi mmoja mwenye amani."

Saa tisa kasoro kidogo modemu iliunguruma, ikalia, ikatulia, na kwenye skrini ukatokea mstari: kuna mgeni kutoka Bukoba. Suryakant, ambaye angeondoka alipokataliwa mara ya kwanza, alikuwa amebonyeza tangu saa nne bila kuinuka hata kwenda kunywa chai. Namba zikaanza kupita, mstari juu ya mstari, kila namba na kipimo chake, bila jina, bila uso. Celina alizihesabu kwa midomo. Ya mwisho ilipopita, mgeni akaaga na mstari ukafungika.

"Zimefika?" aliuliza Celina.

"Zimefika zote."

Celina akalaza kichwa chake juu ya meza, karibu na kibodi, akalia kilio cha kawaida tu, cha mtu aliyefiwa ambaye amepata nafasi. Maulida akamshika mgongo mpaka manesi wawili wakaja kumchukua kumpa chai.

Mvua ilipopungua, Maulida alivuka ng'ambo ya kisima akiwa ameshika viatu mkononi. Zabibu alikuwa amekaa kizingitini kwake na kisu na ndizi, akimenya, akipumzika, akimenya.

"Dada! Na siku ya kazi! Nani amekufa?"

"Hujambo kwanza, Zabibu."

"Sijambo, shikamoo. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimepita tu." Maulida akakaa kando yake, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya. "Dawa za Kagoma zimeingia kwenye maombi. Mtakuwa wa awamu ya kwanza."

Zabibu aliacha kumenya. Kwa muda alitazama migomba iliyokuwa ikidondosha maji, na midomo yake ikacheza bila kupata mzaha wa kusema. Kisha akaupata.

"Basi ole wako," alisema. "Zile dawa wanasema zinaleta njaa ya simba. Nitakula, nitanenepa, nitakuwa na shingo ya pingili tatu. Nitakuja Bukoba kupita mbele ya ofisi yenu, wanaume wote waache kukutazama wewe. Utaona wivu, dada, utalia."

Maulida aliendelea kumenya ile ndizi ingawa ganda lilikuwa limeshaisha. Mdogo wake ilibidi ainamishe kichwa ili amsikie.

"Nenepa," alisema. "Nenepa tu, Zabibu."